Namna ya Kusoma Kifungu cha Sayansi Mpaka Ukielewe

Soma sentensi hii: "Matengwi huparika silenzo inapozidi bwendo." Sasa jibu: matengwi huparika wakati gani? Bila shaka umejibu kwamba huparika silenzo inapozidi bwendo, na jibu hilo lingepewa alama zote, ijapokuwa maneno hayo nimeyabuni na hayana maana yoyote. Umeweza kujibu kwa sababu unaijua sarufi ya Kiswahili: ulitambua kwamba "hu-" inaeleza jambo la kawaida na "-po-" inaeleza wakati, ukachomoa kipande cha sentensi na kukirudisha kama kilivyo. Hivyo ndivyo wanafunzi wengi, na watu wazima wengi pia, wanavyojibu maswali ya ufahamu yanayotokana na vifungu vya sayansi, nao huweza kufaulu majaribio kadhaa kabla ya kugundua kwamba hawakuelewa kitu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kusoma kifungu kifupi cha sayansi hadi uweze kusema ni nini kinachotokea, kwa nini kinatokea, na kingekuwaje endapo jambo moja tu lingebadilika.

Anza kwa kuandika unachoamini

Kabla ya kufungua kifungu, soma kichwa chake, kisha uandike kwa sentensi moja au mbili unachodhani ni jibu. Tuchukue mfano ambao tutaendelea nao hadi mwisho. Mti mkubwa huota kutokana na mbegu ndogo, na baada ya miaka mingi shina lake linakuwa na mamia ya kilo za ubao. Kilo hizo zimetoka wapi? Chukua karatasi uandike jibu lako sasa.

Wengi huandika kwamba zimetoka kwenye udongo. Sababu ya kuliandika jibu ni kwamba fikra za awali hazitoki zenyewe kwa kusoma tu; mara nyingi msomaji hulichukua jambo jipya na kulishikiza juu ya lile la zamani bila kuona kwamba yanapingana. Wapo wanaoamini kwamba majira ya joto huja dunia inapolikaribia jua. Wanaposoma kwamba majira husababishwa na mhimili wa dunia ulioinama kwa takriban nyuzi 23.5, huyaunganisha yote mawili na kusema kwamba upande ulioinama kuelekea jua ndio ulio karibu nalo, na kwa hiyo ndio wenye joto. Ukweli ni kwamba dunia hulikaribia jua zaidi mapema Januari, ikiwa umbali wa kilomita milioni 147 hivi, na huwa mbali zaidi mapema Julai, kilomita milioni 152 hivi. Na Januari ndiyo kipindi cha baridi katika nusu ya kaskazini ya dunia. Kinachobadilika kutokana na mwinamo huo ni pembe ambayo mionzi huangukia ardhi, pamoja na urefu wa mchana. Msomaji aliyekuwa ameandika imani yake kuhusu umbali angeweza kuiweka kando ya takwimu hizi na kuona mwenyewe kwamba haisimami.

Sarufi ndiyo inayobeba maelezo

Sasa soma kifungu hiki, kwanza chote bila kusimama, kisha mara ya pili ukiwa na kalamu mkononi.

"Jani hupokea mwanga wa jua kwa umbijani, yaani rangi ya kijani iliyomo ndani yake. Nishati ya mwanga huo hutumika kuunganisha maji yaliyofyonzwa na mizizi na kabonidioksidi iliyoingia kupitia vitundu vidogo vya jani, ili kupata sukari. Oksijeni hutolewa hewani. Sehemu ya sukari hugeuzwa kuwa selulosi, ambayo hujenga shina na matawi."

Angalia vitenzi kwanza. "Hupokea", "hutumika", "hutolewa": kiambishi "hu-" kinakuambia kwamba mwandishi anaeleza jambo ambalo hutokea kila mara masharti yake yakitimia. Kama angeandika "jani lilipokea", angekuwa anasimulia tukio moja lililoonekana siku moja mahali pamoja. Kama angeandika "jani lingepokea", angekuwa anawaza hali ambayo haipo. Tofauti kati ya kanuni, tukio na dhana ni nguzo ya fikra za kisayansi, na Kiswahili huibeba ndani ya silabi moja ya kitenzi. Ukiipita silabi hiyo bila kuiona, utafikiri kwamba jambo lililotokea mara moja katika jaribio ni kanuni ya ulimwengu mzima.

Kisha angalia ni nani anayetenda. Maandishi ya sayansi hupenda kauli ya kutendwa: "hutolewa", "hugeuzwa". Kila unapokutana nayo, jiulize: na nani? Nani anageuza sukari kuwa selulosi? Kifungu hakikusema, ila ni mmea wenyewe, ndani ya seli zake. Vilevile, mwanga hauunganishi maji na kabonidioksidi. Jani ndilo linaloviunganisha kwa kutumia nishati ya mwanga. Andika jina la mtendaji pembeni mwa kila kauli ya namna hiyo. Neno "ili" nalo lisikuhadae. Jani halina nia wala mpango. "Ili kupata sukari" hapa ina maana tu kwamba matokeo ya kazi hiyo ni sukari.

Jambo la tatu ni viambishi vinavyorejelea vitu vilivyokwisha kutajwa. Chukua sentensi hii ya somo la mwili: "Mapafu huingiza oksijeni kwenye damu, nayo huipeleka kwenye seli." Ni nini kinachopeleka? Kwa sarufi pekee, "nayo" inaweza kuwa mapafu, inaweza kuwa damu, na hata oksijeni haitoki kwenye orodha. Ni maana ndiyo inayoamua: mapafu hayaondoki kifuani, kwa hiyo kinachosafiri ni damu, na ile "-i-" iliyomo katika "huipeleka" ni oksijeni. Vuta mstari kutoka kwenye kila kirejeshi hadi kwenye jina lake. Nimeona mara nyingi kwamba mtu anayesema "sikielewi kifungu hiki" amekwama kwenye kirejeshi kimoja tu, na akishakifungua, sentensi tatu zinazofuata hufunguka zenyewe.

Maneno ya kila siku yaliyobadili maana

Istilahi ngeni haziogopeshi kama zinavyodhaniwa, kwa sababu ugeni wake hukulazimisha kusimama. Nyingi hata zinajieleza ukizitenganisha. "Kanieneo" ni kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, inayogandamiza eneo fulani, na ukilijua hilo umekwisha kupata kanuni yake, yaani kani igawanywe kwa eneo. "Usanisinuru" ni usanisi, yaani kuunda kitu kwa kuunganisha vitu vingine, unaofanyika kwa nuru. Na hicho ndicho kifungu chetu kilichokuwa kinakieleza bila kukitaja.

Maneno ya hatari ni yale unayoyatumia kila siku. Katika fizikia, mtu aliyesimama na mzigo mzito kichwani bila kuuinua wala kuushusha hafanyi kazi yoyote juu ya mzigo huo, hata akitokwa na jasho, kwa sababu kazi ni kani mara umbali ambao kitu kimesogea kufuata upande wa kani hiyo. Kani ya newton 50 ikisogeza sanduku mita 2, kazi iliyofanyika ni jouli 100. Sanduku lisiposogea, kazi ni sifuri. Hali ni hiyo hiyo kwa uzito. Sokoni na zahanati tunasema uzito wa kilo 60, ilhali kilo hizo ni tungamo, yaani kiasi cha maada, nacho hakibadiliki popote uendapo. Uzito ni kani ya mvutano juu ya tungamo hiyo: kwa mtu wa kilo 60 ni takriban newton 588 hapa duniani na newton 97 tu mwezini. Joto na halijoto pia ni vitu viwili tofauti, kwani sufuria ya maji yanayochemka na kikombe cha maji yanayochemka vina halijoto moja, lakini sufuria ina nishati nyingi zaidi ya kutoa inapopoa.

Kwa sababu hiyo, weka daftari dogo lenye safu mbili: maana ya neno unavyolizoea, na maana yake katika kifungu. Ongeza na visawe, kwa kuwa vitabu vyetu havijakubaliana kikamilifu. Kitabu kimoja huandika halijoto na kingine jotoridi, kimoja kani na kingine nguvu, na msomaji asiyejua kwamba ni kitu kilekile hudhani anasoma mambo mawili.

Tenganisha kilichoonekana na kilichohitimishwa

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji akae kwa muda mrefu kuliko kwingine kote. Katika karne ya 17, Jan Baptist van Helmont, aliyeishi katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, alilishughulikia swali letu la mti. Alikausha udongo, akaupima ukawa ratili 200, yaani kilo 90 hivi, akauweka katika chombo na kupanda humo mche wa ratili 5. Kwa miaka mitano hakuongeza kitu ila maji, na chombo alikifunika ili vumbi lisiingie. Mwishowe mti ulikuwa na zaidi ya ratili 169, takriban kilo 77, na udongo ulipokaushwa tena na kupimwa ulikuwa umepungua aunsi 2 tu, kama gramu 57. Akasema kwamba mti wote umetokana na maji peke yake. Maelezo hayo yalichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake.

Chora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika yale aliyoyaona na kuyapima: udongo mwanzoni na mwishoni, mti mwanzoni na mwishoni, miaka mitano, maji. Upande wa kulia andika alichokihitimisha: maji peke yake. Vipimo vya kushoto bado vinatosha kuliangusha lile jibu la udongo, kwani gramu 57 haziwezi kuzaa kilo zaidi ya 70. Kosa liko kulia. Kati ya "si udongo" na "ni maji peke yake" kuna daraja ambalo vipimo havikulijenga, kwa kuwa mti ulikuwa umezungukwa na hewa kwa miaka yote mitano, na hewa hakuipima. Jambo linalonigusa kila ninapolifikiria ni kwamba neno "gesi" lenyewe limeanzia kwake, na gesi itokanayo na mkaa unaoungua, ambayo ndiyo kabonidioksidi, alikwisha kuieleza.

Ukishazoea mstari huo, utauchora katika kila kifungu. Maneno kama "ilipimwa", "ilionekana" na "iliongezeka" hukaa kushoto. "Kwa hiyo", "hii ina maana kwamba" na "huenda" hukaa kulia, na "huenda" isisomwe kamwe kama "ni".

Namba zisomwe kwa kukokotoa

Usiipite namba kama unavyolipita pambo. Kifungu kikisema kwamba jua liko umbali wa kilomita milioni 150 na nuru husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, gawanya: utapata sekunde 500, yaani dakika 8 na sekunde 20, na sasa unajua kwamba mwanga unaouona umeliacha jua muda huo uliopita. Kikisema kwamba kabonidioksidi ni takriban asilimia 0.04 ya hewa, igeuze iwe lita 4 katika kila lita 10,000, ndipo utakapostaajabu ipasavyo kwamba sehemu kubwa ya ubao mkavu imejengwa kwa gesi iliyo haba kiasi hicho. Tazama pia kipimo kilichoambatana na namba. Mwaka wa nuru, pamoja na jina lake, ni umbali wa takriban kilomita trilioni 9.5.

Jaribu uelewa wako kwa swali lisilo na jibu kwenye kifungu

Funga kifungu, kieleze kwa maneno yako bila kutumia hata istilahi moja, kisha badilisha jambo moja na ubashiri kitakachotokea. Kwa mfano, umesoma kwamba kwenye usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, na kwamba kanieneo ya hewa ikipungua, maji huchemka kwa halijoto ya chini zaidi, takriban nyuzi 90 kwenye mwinuko wa mita 3,000. Kwa nini chakula cha kuchemsha huchelewa kuiva mlimani, ilhali maji yanatokota kwa nguvu? Na kwa nini sufuria ya presha huivisha haraka? Kifungu hakikutaja chakula wala sufuria. Aliyekariri atanyamaza, lakini aliyeelewa atasema kwamba kinachoivisha ni halijoto wala si mapovu, kwamba mlimani maji hayapati kuvuka nyuzi 90, na kwamba mvuke uliofungiwa huongeza kanieneo na kuwezesha maji kufika takriban nyuzi 120 ndani ya sufuria. Bashiri lako likigoma, rudi kwenye sentensi yenye "kwa sababu", "hivyo" au "kadiri", usianze kusoma upya tangu mwanzo.

Sasa ichukue ile karatasi ya mwanzoni. Usilifute jibu lako la kwanza. Andika chini yake jibu jipya, ukitaja kilichotoka hewani, kilichotoka mizizini, na kazi ya mwanga. Kisha tafuta maelezo ya zile gramu 57 za udongo, ambazo kifungu chetu hakikuzigusa. Ukianza na maneno "madini", "naitrojeni" na "fosforasi", utakuwa umeshika njia.