Kununua hisa za kampuni ambayo haiko kwenye soko la hisa (Kenya): kagua haya kwanza

Sheria ya Kampuni ya 2015 humlinda mwanahisa, na mwanahisa ni yule ambaye jina lake limo kwenye daftari la wanahisa. Mwenye risiti tu ni mdai, na wadai hupanga foleni.

1. Soma mkia wa jina. "PLC" ni kampuni ya umma. "Ltd" ya biashara kwa kawaida ni binafsi: wanahisa wasizidi 50, bila kuhesabu wafanyakazi, na ni marufuku kualika umma kununua hisa zake. Ukiona hisa za Ltd zinatangazwa kwenye magrupu ya WhatsApp, ishia hapo.

2. Toa CR12 (taarifa rasmi ya msajili inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa wa kampuni) mwenyewe kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Usikubali PDF ya wakala. Kubadilisha jina na tarehe ni kazi ya dakika chache. Linganisha wakurugenzi na waliotia sahihi mkataba, kisha hesabu hisa. Mtu anayekuuzia hisa 5,000 ilhali CR12 inamwonyesha na 1,000 anakuuzia hewa.

3. Hisa zikiuzwa kwa umma, dai waraka wa toleo (prospectus), kisha hakikisha na CMA (Mamlaka ya Masoko ya Mitaji) wenyewe kwamba wameuidhinisha. Idhini hiyo haisemi kwamba biashara ni nzuri.

4. Hisa mpya hulipiwa kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni, kamwe si kwa namba ya simu ya mkurugenzi. Hisa unazouziwa na mwanahisa zinahitaji fomu ya uhamisho iliyotiwa sahihi.

5. Baada ya mwezi hivi, toa CR12 nyingine utafute jina lako. Wengi huridhika na cheti chenye muhuri wakaacha hatua hii, na hapa ndipo wanapoliwa.

MASWALI

Nina cheti, CR12 haina jina langu. Nifanyeje?
Iandikie kampuni barua ukidai uandikishwe, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikaidi, mahakama inaweza kuamuru daftari lirekebishwe. Ikiwa hisa hazikuwahi kuwepo, hiyo ni jinai: nenda DCI (idara ya upelelezi wa jinai).

Wakurugenzi wamehamishia pesa kampuni yao nyingine. Nina asilimia 2 tu, naweza kushtaki?
Ndiyo, ndugu. Kifungu cha 238 kinakuruhusu kudai kwa niaba ya kampuni, ila utahitaji ruhusa ya mahakama, na pesa zikipatikana hurudi kwa kampuni, si mfukoni mwako. Kama wewe mwenyewe umeonewa, mathalani wamepunguza uzito wa hisa zako kwa hila, tumia kifungu cha 780. Huko mahakama inaweza kuamuru hisa zako zinunuliwe.