Kabla ya kusasisha programu ya ufuatiliaji: mambo ya kuzingatia kwa anayetunza seva Lubumbashi

Anza na umeme. Amri za kuandika baadaye. Zabbix, mojawapo ya programu za kufuatilia seva, ikiwashwa baada ya kupandishwa toleo kubwa huanza yenyewe kubadilisha muundo wa hifadhidata yake, na hifadhidata iliyojaa historia ya miezi mingi inaweza kuchukua muda. Umeme ukikatika katikati, unaweza kubaki na hifadhidata ambayo si ya zamani wala si mpya. Kwa hiyo batri za inverta ziwe zimejaa, uwe Katuba au mjini kati, na saa uchague wewe kwa kuwa unajua mtaa wako hukatiwa lini.

Intaneti nayo ina njia yake. Pakua vifurushi vya programu kwanza kwa apt-get install --download-only, halafu usakinishe baadaye bila kutegemea mtandao. Kama unaingia kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kuiendesha ukiwa mbali), fanya kazi ndani ya tmux, inayoacha amri ziendelee hata ukitoka, mawasiliano yakikatika kazi isikatike nayo.

Ila jambo ambalo wengi hulipitia juu juu ni njia ya kurudi. Zabbix iliyokwisha badilisha hifadhidata hairudi kwenye toleo kubwa la zamani mpaka urudishe nakala uliyoitoa kabla. Prometheus 3 nayo, programu ya kukusanya vipimo vya seva, ukitaka kuiacha, inakuruhusu kushuka hadi 2.55 tu. Aliye nyuma ya hapo apite kwanza 2.55, aiache itulie, ndipo apande. Kwa Grafana, inayochora vipimo hivyo kwenye grafu, simamisha huduma, kisha nakili /etc/grafana pamoja na /var/lib/grafana, ambako faili la grafana.db hukaa kama hukuchagua hifadhidata nyingine. Nakala isikae kwenye diski ileile. Na kama hujawahi kujaribu kuirudisha kwenye mashine nyingine, mimi siiiti nakala bado.

Diski hupigiwa hesabu ndogo tu. Prometheus hutumia kama baiti 1 hadi 2 kwa kila kipimo, na isipoelekezwa vingine huhifadhi siku 15. Seva moja yenye mifululizo 1000 ya vipimo inayosomwa kila sekunde 15 itakula chini ya MB 200 kwa muda huo. Ukitaka mwaka mzima, zidisha kabla diski haijakuzidishia.

Saa nayo ina mtego wa kwetu. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Ofisi kuu ya Kinshasa ikiuliza kilichotokea 14:10, wewe utatazama 15:10 ya kwako au nyote mtabishana bure. Acha seva kwenye UTC (saa ya kimataifa), washa chrony inayosawazisha saa, na kwenye Grafana chagua Africa/Lubumbashi kwa watazamaji wa huku.

Usalama: Grafana huja na admin/admin, na watu huiacha hivyo, sijui kwa nini. Prometheus kwenye poti 9090 na node_exporter (inayotoa vipimo vya mashine) kwenye 9100 haziulizi nenosiri kabisa usipozipangia. Anayetumia Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena, awe macho zaidi, kwa sababu poti iliyotangazwa na Docker hupita kando ya ufw, ukuta wa moto wa seva: utaona umefunga, kumbe iko wazi kwa dunia nzima. Itangaze kwenye 127.0.0.1, yaani ndani ya mashine yenyewe tu, kisha uifikie kupitia SSH.

Kisha, nani atakuambia kwamba mfuatiliaji mwenyewe amezimika? Akiwa kwenye seva ileile, umeme ukienda anaondoka nao, na ukimya wake utafanana na amani. Weka Uptime Kuma, programu ndogo ya kuangalia kama huduma iko hai, kwa mwenzako Kolwezi, au kwenye seva ya kukodi nje, iwe inapokea ishara kutoka kwako na kupiga kelele ishara ikikosekana.

Baada ya kusasisha, zima node_exporter ya mashine moja kwa makusudi. Kama kanuni yako ya tahadhari inasubiri dakika 5, subiri 7 ukiwa na simu mkononi. Ujumbe usipofika, anza kutafuta kwenye logi za Alertmanager, inayotuma tahadhari za Prometheus, wakati batri bado zina nguvu.