Ukitaka kupunguza mti nyumbani usikubali waunyoe

Jamani masika hayo yanakuja, na huku kwetu Tabata nimeshaanza kusikia chensoo asubuhi asubuhi, kila mtu anataka mti wake upunguzwe kabla mvua hazijachanganya. Ni jambo zuri kabisa ila naomba mnisikilize kidogo maana mi yalinikuta. Mwembe wa mama yangu ulikuwa umetanda mpaka juu ya bati la jirani, tukaita vijana wawili waliokuwa wanapita mtaani, bei chee, wakaunyoa wote wakaacha shina na visiki vitatu vimesimama. Tulifurahi, uwani kukapata mwanga. Baada ya miezi machipukizi yakajaa, membamba yanakimbilia juu, miaka minne mbele yameshakuwa matawi mazito, usiku mmoja wa mvua moja likanyofoka likatua kwenye bati lile lile la jirani. Kesho yake nikapanda ngazi kuangalia, nikakuta lilikuwa limeshikilia kwenye gome tu, kwa juu juu, na kisiki chenyewe ndani kimeoza, unaingiza kidole mbao inamomonyoka kama mkate mkavu.

Ndo shida ya kunyoa. Tawi la kawaida limekua pamoja na shina tangu dogo, limefumwa humo ndani, ila chipukizi linalotoka baada ya mti kunyolewa linaanzia karibu na gome, halina mzizi wa kulishika likiwa zito. Afu majani ndo jiko la mti, ukiyatoa yote unaushindisha njaa, na kwenye mwembe gome lililozoea kivuli linaungua na jua. Kwahiyo ukipunguza, usitoe zaidi ya robo ya majani kwa mara moja. Kama mti ni mkubwa sana gawa kazi, mwaka huu kidogo, mwaka kesho kidogo.

Kitu cha pili ni mahali pa kukata, na hapa ndo hata mafundi wazoefu wanakosea. Nenda sasa hivi kwenye mti wako, papasa pale tawi linapotokea kwenye shina, utasikia kama mkunjo uliovimba umelizunguka tawi, mfano wa kola ya shati shingoni. Hiyo kola usiiguse. Unakata nje yake kidogo tu, usisawazishe na shina eti papendeze na wala usiache kisiki kirefu kama cha kutundikia ndoo. Kuna mzee Mmarekani, Alex Shigo, alifanya kazi idara ya misitu ya kwao, alipasua maelfu ya miti kwa chensoo akiangalia vidonda vinakuwaje ndani, akaonesha kwamba mti hauponi kama sisi tunavyoota nyama mpya, wenyewe unajenga ukuta kuzunguka palipoumia ili uozo usisambae, na kwenye ile kola ndo kuna kinga kubwa ya kazi hiyo. Ukiikata umeufungulia uozo mlango. Na ile tabia ya kupaka kidonda rangi au oili chafu acheni, haizuii kuoza, acha pakauke penyewe.

Tawi zito halikatwi kwa mkato mmoja kutoka juu, litachanika likiwa linaanguka na kubandua gome mpaka chini kwenye shina. Mikato ni mitatu. Wa kwanza unatoka chini kwenda juu, kama sentimita 30 kutoka shinani, unaingia robo tu ya unene. Wa pili kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, tawi linaanguka bila kuchana kitu. Wa tatu ndo unaondoa kile kisiki kilichobaki, hapo nje ya kola. Vitawi vya unene wa kidole gumba unaweza mwenyewe ukiwa umesimama chini na mkasi wa bustani au msumeno wa mkono wenye makali, sio panga, panga linapasua. Kinachohitaji ngazi na chensoo kwa pamoja mwachie fundi.

Sasa huyo fundi unampataje. Mi siku hizi siangalii anayepita mtaani akiuliza kazi, natafuta nyumba yenye mti uliopunguzwa vizuri mwaka jana au juzi na bado una umbo la mti, nabisha hodi nauliza nani aliwafanyia. Akija, kabla ya bei mwambie akuoneshe kwa kidole atakata wapi na wapi. Akikujibu "tunashusha yote hii mpaka hapa" mshukuru, mpe nauli ya bodaboda, aende. Muulize kamba ziko wapi, maana tawi lililo juu ya bati au ukuta linafungwa kamba na kushushwa taratibu, haliachiwi. Na usikubali apande mti ulio hai kwa kuuchonga vidato vya panga au kwa viatu vya misumari, kila kidato ni kidonda.

Malipo kubalianeni yote mapema: magogo ni ya nani (wengine bei inashuka sana kwa sababu wanayataka kwa kuni au mkaa, sio vibaya ila ujue), matawi nani anayatoa na kirikuu analipa nani, bati likivunjika inakuwaje. Andika kwenye karatasi, mjumbe au jirani ashuhudie, toa nusu na nusu ingine uwanja ukishafagiwa. Kama unataka kuangusha mti mzima pita kwanza ofisi ya serikali ya mtaa uulize utaratibu.

Waya wa umeme ukiwa umepita kwenye matawi, hapo hakuna mjadala wala fundi wa kuaminika, wapigie TANESCO waje wao au wazime kwanza. Tawi bichi linapitisha umeme, na ngazi ya chuma ndo kabisa.

Muda nao una maana. Mwembe upunguze mara tu ukimaliza kuvuna, Januari au Februari hivi, ukisubiri mpaka Juni unakata maua. Mwarobaini na miashoki haisumbui, ila chagua asubuhi kavu, gome lililolowa linateleza vibaya. Siku hiyo watoto wakae ndani, magari yatoke, na kama ni mwembe vaa mikono mirefu, utomvu wake unababua ngozi. Maji moto, wale sisimizi wa mtini wanaouma, watakuwepo, wavumilieni jamani, wale wanakula wadudu wanaoharibu maembe.

Matawi madogo na majani msichome, yakatekate uweke chini ya migomba, yanatunza unyevu kwenye huu mchanga wetu.

Baada ya hapo pitia mti kila baada ya miezi michache, machipukizi yanayotoka shinani yatoe kwa mkono yakiwa bado laini. Chungulia na pale palipokatwa. Kama fundi aliiheshimu kola, utaona mdomo mpya wa gome unaanza kuzunguka kidonda pande zote kama duara. Wa mama kwa sasa una duara mbili hivo, upande wa choo, na msimu uliopita ulizaa.