Somo: Siku tatu za kulala bandani katika Msitu wa Kakamega

Watu wanaopanga safari hii huniuliza jambo moja zaidi ya yote: tutafanya nini msituni siku tatu nzima? Nawaelewa. Kakamega hakuna simba wala tembo wa kutazamwa kutoka dirisha la gari. Ni msitu wa mvua, kipande pekee kilichosalia Kenya cha misitu ile iliyotanda kutoka Kongo hadi Afrika Magharibi, na wakazi wake wengi wako juu ya miti, au wamejificha, au hutoka usiku. Anayeingia saa sita mchana na kurudi saa nane atasema hakuona kitu, na atakuwa anasema kweli. Kwa hiyo usipange safari kwa orodha ya vivutio. Ipange kwa saa za msitu wenyewe.

Hatua ya 1: Chagua upande

Msitu una pande mbili na watu huzichanganya. Kaskazini ni Buyangu, hifadhi ya taifa tangu 1985, ambayo sasa iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Huko kuna Udo's Bandas, nyumba za msonge zilizoezekwa nyasi chini ya miti. Njia zimetunzwa, kuna Kilima cha Buyangu na maporomoko ya Mto Isiukhu, na watu ni wachache. Kusini ni Isecheno, chini ya KFS, shirika la misitu la Kenya. Huko miti mingi ni mikubwa na ya kale zaidi, waongozaji ni wenyeji waliozaliwa pembeni mwa msitu, na Kilima cha Lirhanda kiko karibu. Ukitaka utulivu, Buyangu. Ukitaka kujifunza, Isecheno. Mimi humshauri anayekwenda mara ya kwanza aanze Isecheno.

Hatua ya 2: Msimu na mzigo

Desemba hadi Februari ndiyo miezi mikavu kuliko yote. Aprili na Mei mvua hunyesha kwelikweli na njia huteleza. Miezi mingine asubuhi huwa safi, kisha alasiri wingu hujikusanya na ngurumo zikafuata, hivyo matembezi marefu yamalize kabla ya saa saba.

Beba viatu vya kufunga, soksi ndefu, koti la mvua, sweta na tochi ya kichwani kwa kila mtu. Kama una darubini usiiache nyumbani, maana bila darubini nusu ya ndege watakuwa vivuli tu. Chakula kinunue Kakamega mjini: unga, nyanya, vitunguu, mayai, majani ya chai. Uliza mapema kama jikoni kuna sufuria na kuni au uje na jiko lako. Kukata kuni msituni ni marufuku.

Hatua ya 3: Alasiri ya kwanza, tulia

Fika kabla ya saa kumi, weka mizigo, kagua chandarua kama kina matundu, kisha tafuta mwongozaji wa kesho na mkubaliane bei na saa. Muulize swali hili moja: mtini (mti wa tini) upi una matunda sasa hivi? Mtini ulioiva huvuta kima, mbega, na ndege kama hondohondo na shorobo mkubwa wa buluu kwa pamoja. Ukikaa chini yake saa mbili kimya utaona mengi kuliko anayezunguka siku nzima.

Hatua ya 4: Alfajiri

Hii ndiyo saa ambayo ukiikosa umeikosa safari. Ondokeni saa kumi na moja kwenda Lirhanda, mwongozaji mbele na tochi. Mkifika kileleni bado kuna ukungu umelala juu ya miti yote, na safu ya vilima vya Nandi inaonekana mashariki. Kisha mbega huanza. Dume mmoja hunguruma, sauti nzito ya kukwaruza kama pikipiki inayokataa kuwaka, na kabla hajamaliza mwingine anamjibu kutoka bonde la pili, na wa tatu mbali zaidi. Hivyo ndivyo kila kundi linavyotangaza lilipo.

Mkiteremka, tembeeni polepole na mtegee sikio juu. Hondohondo utamsikia kabla ya kumwona: mabawa yake hupiga hewa kwa mvumo mzito. Wakati wa kutaga, jike hujifungia ndani ya tundu la mti, mlango ukazibwa ukabaki ufa mwembamba tu, na dume humlisha kupitia ufa huo kwa majuma mengi. Mwongozaji akikuonyesha tundu la namna hiyo, kaa mbali na usubiri. Dume akirudi na matunda kooni utamwona akiyatoa moja moja.

Angalia na chini pia. Ukiona mstari mweusi unaosogea ukikata njia, hao ni siafu. Utawaona askari wenye vichwa vikubwa wamesimama pande zote mbili, taya wazi, wadogo wakipita katikati na mizigo yao. Ruka, usikanyage, na suruali iwe ndani ya soksi. Kisha usiondoke haraka, kwa sababu kuna ndege wanaofuata siafu ili kudaka wadudu wanaokimbia mbele yao.

Hatua ya 5: Mchana

Pumzika. Pika, lala, soma, wacheze watoto. Jua likipenya, tafuta sehemu ya njia yenye tope na uwazi: vipepeo hushuka hapo kunyonya chumvi. Msitu huu una aina zaidi ya 400 za vipepeo.

Hatua ya 6: Usiku

Usiende peke yako. Ukiwa na mwongozaji, baada ya saa mbili usiku, mulika matawi taratibu. Macho mawili ya rangi ya chungwa yanayosogea polepole mno huenda yakawa ya poto, mnyama wa jamii ya komba asiye na haraka hata kidogo. Akikutazama, ondoa mwanga usoni pake.

Hatua ya 7: Nusu siku nje ya msitu

Watu wa hapa ni Waisukha na Waidakho, na msitu ni wao kabla haujawa wa mgeni. Nenda soko la Shinyalu, ule ingokho (kuku) kwa ugali na mboga ya mrenda, uonje mizizi ya mukombero. Ukibahatika kukuta isukuti halisi, ngoma zikisindikizwa na pembe ya swala na njuga, simama uitazame. Ngoma hiyo iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na ukiiona harusini au matangani utajua kwa nini inafaa kulindwa. Ukirudi kwa barabara ya Kisumu, Jiwe Linalolia la Ilesi liko njiani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Pendo, Nakuru: Mwalimu, nina watoto wa miaka mitano na minane. Wataweza?

Wataweza, dada. Wa miaka mitano usimpeleke Lirhanda alfajiri, umpeleke jioni badala yake. Mpe kila mtoto kazi: mmoja ahesabu vipepeo, mwingine atafute majani yaliyotobolewa. Na nyani wakikaribia banda, chakula chote kiwe ndani na mlango umefungwa. Wasilishwe hata ndizi moja.

Msafiri wa Thika: Sina gari. Nafikaje?

Kwa Buyangu, panda matatu ya Webuye kutoka Kakamega mjini, shuka Kambi ya Mwanza, kisha bodaboda au miguu kama kilomita mbili hadi getini. Kwa Isecheno, matatu hadi Shinyalu, halafu bodaboda. Ada ya KWS hulipwa kwa njia ya kielektroniki, kwa hiyo lipia ukiwa na mtandao mzuri.

Kaka Juma: Ndugu, nyoka je? Mke wangu amekataa katakata.

Wapo, na wengine wana sumu kali: swila wa msituni, moma, mamba wa Jameson (nyoka wa kijani). Lakini wengi hukimbia wakisikia hatua. Baki njiani, usiingize mkono kwenye gogo au shimo, tumia tochi hata kwenda chooni, na kung'uta viatu asubuhi. Mwambie shemeji kwamba mbu ndiye wa kuogopwa zaidi. Eneo hili lina malaria, kwa hiyo pitieni kwa daktari kabla ya safari na mlale ndani ya chandarua.

Bibi Shamba: Tukinyeshewa siku zote tatu?

Basi tokeni mvua ikipumzika tu. Nusu saa baada ya mvua vinyonga na konokono hutoka na ndege huimba upya. Msipande kilima kukiwa na radi. Siku hizo mwombeni mwongozaji mkae naye kibarazani na chai, mumuulize mti gani hutibu nini. Na mumlipe saa hizo kama mngemlipa kwa kutembea.