Kuonja waini Napa na Sonoma: chunga kadi yako

Ndugu zangu mlioko Bay Area na Sacramento, na nyie mnaokuja likizo kutokea Texas na Minnesota, kila mwaka zabibu zikianza kuvunwa, Agosti mpaka Oktoba, naona picha zenu mko Napa au Sonoma, kule kwenye mashamba ya waini ya California, na glasi mkononi, mmependeza kweli. Sasa kabla hamjapanga safari nyingine someni hapa, maana mimi nilikatwa hela kule na sitaki mwingine akatwe.

Ya kawaida nayamaliza haraka. Weka nafasi mtandaoni, Napa sehemu nyingi hawapokei mtu aliyejitokeza tu. Uwe umefika miaka 21 na ubebe kitambulisho, pasipoti ya nyumbani inafaa. Kuonja siyo bure, Napa dola 50 kwa mtu ni kawaida na kuna kunakozidi 100, Lodi, mji mwingine wa waini hukohuko California, ni nafuu zaidi. Dereva asinywe, hilo nitalirudia.

Mtego wenyewe ni klabu ya waini, yaani unajiandikisha, wanakuwa wanakutumia boksi la chupa na kukata kadi yako. Unamaliza glasi ya mwisho, yule dada anayekuhudumia ni mchangamfu, ameshakuuliza unatoka wapi na ameshakuambia ana rafiki yake alipanda Kilimanjaro, halafu anakuletea tableti anasema leo usilipe ada ya kuonja, ingia tu klabu yetu, haina kiingilio na unajitoa muda wowote. Nikasaini kwa kidole palepale kaunta. Kumbe chini kwa herufi ndogo imeandikwa kadi itakatwa kila wanapotuma boksi, mara nne kwa mwaka, na huwezi kujitoa mpaka uwe umepokea maboksi mawili, na taarifa ya kujitoa iwe kwa maandishi siku 30 kabla. Ulipofika msimu wa boksi la kwanza nakuta karibu dola 300 zimetoka na chupa zenyewe hazijafika. Napiga simu naambiwa tuma imeili, natuma imeili, kimya. Benki wananiambia saini yako ipo. Boksi likaja niko kazini, na kwa vile ni pombe lazima apokee mtu mzima aliyefika miaka 21 na asaini, likarudishwa, nikadaiwa hela ya kulituma upya. Yaani unalipia waini usiyoitaka halafu unalipia tena kwa sababu hukuwepo nyumbani kuipokea!

Nasema tena, akikuambia ni bure halafu akaomba kadi, hiyo siyo bure. Ukiombwa saini uliza maswali matatu kwa sauti: nitakatwa shilingi ngapi, lini, na najitoaje. Akijibu "usijali" bila kutaja tarehe, rudisha tableti, lipa ada yako ya kuonja uondoke. Dola 50 inauma siku moja tu.

Kwa walioshanasa: California ina sheria ya malipo yanayojirudia yenyewe, inaitwa Automatic Renewal Law, imeanza kutumika mwisho wa 2010. Inataka muuzaji akuoneshe masharti waziwazi kabla hujakubali na akupe njia rahisi ya kujitoa, na kama ulijiunga mtandaoni uweze kujitoa hukohuko mtandaoni. Andika imeili, itaje hiyo sheria kwa jina lake, tunza nakala. Mimi nilipoitaja ndo wakaanza kujibu kwa heshima na wakanifuta. Usihangaike na simu, simu haina ushahidi.

Ila nimefikiria sana kwa nini watu wetu wananasa pale, watu wasomi, manesi, mainjinia, na naona kinachotuponza ni aibu. Mhudumu anamwaga maneno, hii ina ngozi, ina mwerezi, ina matunda meusi ya msituni, na sisi tunaitikia kwa kichwa ili tusionekane washamba. Ukishaitikia saa nzima, kukataa mwishoni kunakuwa kugumu. Kwa hiyo jifunze kuonja kwa ulimi wako na kusema kwa maneno yako, hapo hakuna wa kukubabaisha.

Anza na nyeupe ndo uende nyekundu, nyepesi kabla ya nzito. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe uone rangi, izungushe, ingiza pua, halafu funda dogo, lizungushe mdomoni, tema. Ndiyo, tema. Ndoo ipo kwa kazi hiyo. Shangazi zangu wakija kutembea wanaona kutema ni kumdharau mwenyeji, wanamaliza kila glasi, wakifika ya nne hawaonji tena, wanakunywa, na huo ndo muda tableti inaletwa. Shangazi, hapo hujaalikwa, umelipa, tema tu.

Waini nyeupe ya Chardonnay ya California ukiinusa mara nyingi utapata siagi. Siyo mawazo yako, kuna bakteria wanaogeuza asidi kali ya zabibu kuwa asidi laini kama ya kwenye maziwa, na wakati huo inatoka harufu ya siagi, halafu pipa la mwaloni linaongeza vanila. Sauvignon Blanc, nayo nyeupe, inanukia pasheni, ndimu na majani yaliyokatwa sasa hivi, na inakutoa mate pembeni ya ulimi, hiyo ndo asidi. Cabernet Sauvignon, waini nyekundu kubwa ya Napa, kwangu mimi ni zambarau: rangi ileile inayotia ulimi wino, utamu kwa mbali, halafu ule ukakasi unaokaza ufizi. Ukakasi unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na nyekundu inachachushwa pamoja na maganda yake. Nyeupe inakamuliwa na kutenganishwa mapema ndo maana haikukazi. Zinfandel ya Lodi, nyekundu nyingine, ni jamu na pilipili manga, kilevi mara nyingi kinafika asilimia 15 na utakijua kwa joto kooni. Na ukisikia karafuu kwenye nyekundu, sema karafuu, mwaloni uliobanikwa moto unatoa eugenol, kitu kilekile kilichomo kwenye karafuu, kwa hiyo mtu wa Pemba ana haki ya kukitaja kuliko mtu yeyote mle ndani.

Kama umezoea ile waini tamu ya Dodoma, hizi za hapa nyingi hazina sukari na mwanzo utaziona kali. Sema napenda yenye utamu, waulize Muscat au Riesling. Si dhambi.

Lebo nayo isikutishe. Neno Reserve kisheria Marekani halina maana yoyote, ni la kupandisha bei. Jina la zabibu likiandikwa maana yake angalau asilimia 75 ni zabibu hiyo, Napa Valley ni angalau asilimia 85 kutoka bonde hilo, ikiandikwa California tupu inaweza kutoka kona yoyote ya jimbo.

Watakusimulia sana habari ya Paris 1976, na ni kweli, wataalamu wa Kifaransa walionja waini za Ufaransa na za California bila kuona lebo wakaipa namba moja Chardonnay ya Chateau Montelena kwa nyeupe na Cabernet ya Stag's Leap Wine Cellars kwa nyekundu, zote za 1973. Wanaisimulia kwa fahari ya ushindi. Mimi nachukua hili, kwamba lebo ikifunikwa hata wakubwa wanabaki na pua na ulimi tu. Kitu kingine kinachoniudhi kwa Wamarekani wa kule, watakuonesha picha ya babu aliyenunua shamba, lakini wale wanaovuna usiku kwa taa, wengi wao Wamexico, hawatajwi kabisa kwenye stori. Mkipita barabarani mtawaona, wasalimieni.

Dereva sasa. California kilevi kwenye damu ya dereva kikifika asilimia 0.08 ni kosa, na ukiwa kwenye viza, kukamatwa tu kwa kuendesha umelewa kunatosha viza kufutwa hata kabla ya mahakama, na ukija kuomba uraia utaulizwa. Tafuteni dereva asiyekunywa au mkodi gari. Hapa sibembelezi mtu.

Na nyie wa nyumbani mnaoagiza chupa: ndege inaruhusu waini kwenye begi la kupakia, ila glasi inapasuka na uzito unalipiwa, na mambo ya forodha pale uwanja wa ndege wa JNIA, Dar, mnayajua wenyewe. Chupa mbili zinatosha, binamu. Na usiniambie "si ujiunge klabu tupate diskaunti", hiyo diskaunti ya wanachama ndo wanayoanza nayo kabla ya kuleta tableti.