Jinsi ya kuwasilisha muswada PubMed Central kwa utafiti uliofadhiliwa na NIH

Makala iliyotokana na fedha za NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, hata kama fedha hizo zililipia sehemu tu ya kazi, haina tena muda wa kusubiri wa miezi 12 kabla ya kuwekwa wazi ikiwa jarida liliikubali tarehe 1 Julai 2025 au baadaye. Siku inapochapishwa rasmi, kila mtu aweze kuisoma bure kwenye PubMed Central, hifadhi ya mtandaoni ya makala za tiba. Ni haki: kodi ya wananchi wa Marekani ndiyo iliyolipa.

Anza kabla hujatia saini mkataba wa mchapishaji. Soma kifungu cha hakimiliki, kwani ukikabidhi haki zote bila kubakiza ruhusa ya kuweka muswada PubMed Central, utajifunga mwenyewe. Uliza pia nani atauwasilisha. Kuna majarida yanayopeleka makala iliyochapishwa, yapo yanayopeleka muswada tu na kukuachia hatua zilizobaki, na yapo yasiyopeleka chochote.

Ikiwa ni juu yako, usingoje makala itoke. Ukikubaliwa tu, ingia NIHMS, mfumo wa NIH wa kupokea miswada, kwa akaunti ya eRA Commons (mfumo wa ruzuku za NIH) au My NCBI (akaunti ya watumiaji wa PubMed), jaza jina la jarida na kichwa cha makala, unganisha namba ya ruzuku, kisha pakia muswada wa mwisho uliokwisha kusahihishwa baada ya maoni ya wahakiki, pamoja na picha, majedwali na viambatisho vyote. PDF iliyopangwa na jarida iache, isipokuwa mchapishaji ameiruhusu. Huduma hii hailipiwi. Ada unayodaiwa ni ya jarida.

Mwandishi mmoja, au mwenye ruzuku, ataidhinisha mara mbili: kwanza faili zilizopakiwa, halafu toleo la wavuti likishatengenezwa. Hapa pa pili ndipo wengi wanapokwama. Ombi huja kwa barua pepe, mwenyewe anadhani alishamaliza, na muswada unalala. Mteue mtu anayejibu barua zake, naye akague milinganyo na majedwali kabla ya kuidhinisha.

Usichanganye namba. PMID huonyesha tu kwamba makala imeorodheshwa PubMed, orodha ya marejeo ya makala za tiba. NIHMSID, inayotolewa na NIHMS, ni ya muda. Inayothibitisha kwamba umetimiza sharti ni PMCID, namba ya makala ndani ya PubMed Central. Kabla ya ripoti ya mwaka ya ruzuku, fungua My Bibliography, orodha ya makala zako ndani ya My NCBI, uangalie alama ya kila makala: kijani ni sawa, njano bado inashughulikiwa, nyekundu ni kasoro, na NIH inaweza kuzuia fedha za mwaka unaofuata mpaka irekebishwe.