Kidonge cha kwenye pochi: mambo ya kuzingatia kabla ya kuweka akiba ya dawa za nguvu za kiume

Mzee aliyeingia famasi saa saba mchana alisubiri wateja wengine watoke ndipo akatoa pochi. Ndani yake, nyuma ya kitambulisho, kulikuwa na kipande cha karatasi ya vidonge kilichokunjwa mara mbili. Vidonge viwili vya bluu. Kimoja kilikuwa kimemeguka ukingo, na foili ya mgongoni ilikuwa imechubuka hadi inang'aa. Pale ambapo tarehe ingeandikwa palikuwa pamekatwa kwa mkasi, kwa kuwa aliuziwa vidonge vinne tu kutoka karatasi nzima. "Mwanangu," aliniuliza kwa sauti ya chini, "hivi bado vina kazi?"

Swali hilo ninaulizwa kila wiki, na karibu kila mara dawa yenyewe imetoka mahali ambapo dawa haipaswi kukaa. Kidonge cha presha hukaa kwenye kabati, mke anakiona, watoto wanakijua. Cha nguvu za kiume hufichwa: kwenye pochi, chini ya kiti cha gari, ndani ya soksi, kwenye boksi la spana. Nina hakika kwamba aibu huharibu dawa hizi kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu zenyewe ni imara. Viagra, yenye dawa iitwayo sildenafil, ikiwa kwenye pakiti yake hupewa miaka 5 tangu itengenezwe, na Cialis, yenye tadalafil, miaka 3. Sildenafil na tadalafil za kampuni nyingine, ambazo ndizo nyingi madukani kwetu, mara nyingi huandikwa miaka 2 au 3. Muda huo wote unahesabiwa kwa sharti moja, nalo ni kwamba dawa imetunzwa kama boksi linavyosema.

Kwa hiyo jambo la kwanza linaanzia dukani. Omba boksi zima, hata kama ni dogo la vidonge vinne. Ukikatiwa viwili viwili unabaki huna jina la mtengenezaji, huna namba ya toleo, huna tarehe. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi kabla hujalipa. Ikiandikwa mwezi na mwaka tu, maana yake dawa ni halali hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Nunua kiasi utakachotumia. Mtu anayeihitaji mara mbili kwa mwezi akinunua vidonge thelathini kwa kuwa bei imeshuka, anajiwekea akiba ya mwaka mzima na zaidi katika chumba chenye joto. Na iwe kwenye duka lililosajiliwa, kwa cheti cha daktari, maana atakayekupima presha na kukuuliza kuhusu moyo wako ni mtu wa afya. Anayetembeza vidonge kituo cha mabasi hatakuuliza hayo.

Sasa joto. Boksi nyingi zimeandikwa zisiwekwe mahali panapozidi nyuzijoto 30, na zikae kwenye pakiti yake kuzikinga na unyevu. Masharti hayo yametokana na vipimo. Dawa inayoombewa usajili katika nchi za joto hukaa maabara kwa muda mrefu kwenye nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 65 au 75, kisha hujaribiwa kwa ukali zaidi, nyuzijoto 40 kwa miezi 6, ili waone inavyochakaa. Anayeishi Dar, Tanga, Mombasa au Unguja anajua mwezi wa pili unavyokuwa. Nje tayari ni zaidi ya 30, na chumba cha bati lisilo na dari kinazidi hapo. Gari lililoegeshwa juani linapita nyuzijoto 45 kwa urahisi, na kile kidroo cha mbele ya abiria, ambacho wengi wanakiona ndiyo maficho salama, kinaoka kila siku. Pochi ya mfuko wa nyuma ina mabaya matatu kwa pamoja: joto la mwili, jasho, na kukaliwa. Foili ikishatoboka hata tundu la sindano, unyevu umeingia, na hapo tarehe ya kwenye boksi haihusiki tena na kidonge hicho.

Friji pia haifai, ingawa watu wanaiamini sana. Ukitoa karatasi yenye ubaridi kwenye hewa ya pwani, inatoka jasho. Ukifanya hivyo kila unapohitaji kimoja, unavilowesha kidogo kidogo. Bafuni kuna mvuke, jikoni kuna mvuke na moto. Mahali pazuri ni pa kawaida kabisa: kabati la chumba cha kulala, rafu ya katikati, upande usiopigwa na jua la alasiri, dawa ikiwa ndani ya boksi lake na boksi ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana. Liwe juu kuliko anapofika mtoto. Vidonge hivi vina rangi na umbo la peremende, na presha ya mtoto si ya kuchezewa. Wachache wanaotumia sindano ya alprostadil, ile inayochomwa kwenye uume, wafuate masharti ya pakiti zao, kwani zipo zinazotaka ubaridi.

Kuna tabia ya kukata nusu kwa wembe ili kupunguza gharama. Ule utando wa juu wa kidonge unakikinga, na nusu iliyobaki haina kinga upande mmoja. Kama daktari amekuambia utumie nusu, kata siku ile ile ya kutumia, rudisha nusu ya pili kwenye kitundu chake, funga foili, na hiyo ndiyo itumike mara inayofuata. Usikate boksi zima kwa mkupuo. Na kabla ya kukata muulize mfamasia kama aina hiyo inakatika. Vile vinavyoyeyuka mdomoni havipendi hata hewa, na hutolewa kwenye pakiti dakika ile ile ya kumeza.

Je, ikipita tarehe inageuka sumu? Hapana, si kwa kuvuka usiku mmoja. Jeshi la Marekani, likishirikiana na mamlaka ya dawa ya huko, lilianza mwaka 1986 kupima upya dawa za akiba zilizokaribia kuisha muda. Ripoti ya mwaka 2006 iliyohusu aina 122 za dawa ilionyesha kuwa karibu asilimia 88 ya matoleo yaliyopimwa yangeweza kuongezewa angalau mwaka mmoja. Watu wananionyesha habari hiyo kwenye simu. Mimi huwajibu kwamba hizo zilikuwa pakiti ambazo hazijafunguliwa, kwenye maghala yenye joto linalodhibitiwa, na zikapimwa maabara kabla ya kuongezewa muda. Pochi yako haikupitia hayo.

Hatari ninayoiona mimi ni nyingine. Kidonge kikiwa dhaifu, au mtu akikishuku kuwa dhaifu, anaongeza cha pili. Wakati mwingine cha kwanza kilikuwa kizima kabisa. Sildenafil huchukua kama saa moja kufanya kazi, inahitaji hamu iwepo, na ukiimeza baada ya sahani ya pilau lenye mafuta inaweza kuchelewa kwa saa nzima zaidi. Mtu anaona kimya, anasema imekwisha nguvu, anameza nyingine, kisha zote mbili zinamfikia pamoja: kichwa kinamgonga, macho yanaona ubluu, presha inaporomoka. Kwa sildenafil ni mara moja tu ndani ya saa 24. Uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kulala, ni hospitali, usiku huo huo. Asali na unga wa mitishamba vinavyouzwa kwa ajili ya nguvu za kiume, bila tarehe wala kipimo, viko kundi hili hili. Mamlaka ya dawa ya Marekani imepima bidhaa za namna hiyo mara nyingi na kukuta sildenafil au tadalafil ambayo haikuandikwa popote.

Ukisafiri, dawa iwe kwenye mkoba unaoushika, si kwenye buti la basi, na ukivuka mpaka iwe ndani ya boksi lake pamoja na cheti. Iliyoisha muda irudishe famasi. Isipowezekana, changanya na udongo au majani ya chai yaliyotumika, funga ndani ya mfuko, ndipo uitupe. Usimwage chooni.

Na mtu mmoja nyumbani ajue ilipo. Kifua kikikubana usiku na ukapelekwa hospitali, daktari anaweza kukupa dawa ya jamii ya naitreti kutanua mishipa. Ikikutana na sildenafil iliyomezwa ndani ya saa 24, au tadalafil ndani ya saa 48, presha inaweza kushuka hadi kuua. Daktari hawezi kukisia kilichofichwa kwenye soksi.

Ndiyo maana kabla ya kumjibu yule mzee nilimuuliza anatumia dawa gani nyingine. Aliingiza mkono mfuko wa shati, akatoa kichupa kidogo. Ni vya kuweka chini ya ulimi, alisema, kifua kikinibana. Vilikuwa naitreti. Nilimweleza taratibu kwamba vile vya bluu, vizima au vibovu, si vyake kabisa, na kwamba daktari wake wa moyo anaweza kumshauri njia nyingine. Alinyamaza kidogo, akaniomba nimwandikie majina ya dawa zote mbili kwenye karatasi ampelekee daktari. Kile kipande cha karatasi ya vidonge alikiacha pale kaunta.